Shoo nne za roki ndani ya siku saba: sikio lina daftari lake

Mtu akipanga wiki yenye shoo nne za roki huanza na tiketi, akaja usafiri, akamalizia na pa kulala. Masikio huyakumbuka usiku wa pili, taa zimeshazimwa, anaposikia nyenje akilia ndani ya kichwa chake. Mpango huo uko kichwa chini miguu juu. Basi likikuacha lipo jingine, na tiketi iliyozidi haikosi mnunuzi. Sikio halina la akiba, na hesabu yake hufungwa kwa wiki, si kwa usiku mmoja. Kwa hiyo shoo nne ndani ya siku saba zipangwe kama safari moja ndefu yenye vituo, kila usiku ukijua jana ulitumia nini na kesho itadai nini.

Hesabu kwanza

Shirika la Afya Duniani, kwenye viwango vyake vya simu na vifaa vya kusikilizia, linampa mtu mzima mgao wa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki. Desibeli hazijumlishwi kama machungwa. Kila zikipanda 3, nishati inayoingia sikioni inakuwa maradufu na muda wa usalama unakatwa nusu. Kwa 80 una saa 40, kwa 83 una saa 20, kwa 86 una saa 10. Endelea kupanda hadi 100, kiwango cha kawaida kabisa katikati ya ukumbi wa roki, na unabaki na dakika 24. Dakika 24 kwa wiki nzima. Zikiisha, bendi kuu bado iko kwenye wimbo wa tano au wa sita.

Kwa masikio wazi, basi, shoo moja ya saa 2 kwenye desibeli 100 inakula mgao wa wiki 5. Nne zinakula wiki 20. Mgao uliandikwa kwa ajili ya watu wa hedifoni, ni kweli, lakini sikio haliulizi sauti imetoka kwenye simu au kwenye ukuta wa spika.

Mwaka 2022 shirika hilohilo lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa kila dakika 15, kuwe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio, na vizibo vya masikio vipatikane hapohapo. Sheria ya Ufaransa inaruhusu 102 kwa dakika 15. Kuna mashabiki wanaosoma namba hizi wakadhani ni kibali cha kukaa hapo usiku kucha. Hapana. Hiyo ni dari tu, ukumbi usiivuke. Wewe bado una mgao wako.

Sasa weka kizibo. Kizibo cha sponji chenye lebo ya Kimarekani inayosema 33 hakikupunguzii 33. Hesabu inayotumika sana viwandani huko Marekani ni kutoa 7 kisha kugawa kwa 2, kwa sababu watu wengi hawavivai sawasawa: 33 toa 7 ni 26, nusu yake 13. Desibeli 100 zimeshuka hadi 87, na kwa 87 mgao wa wiki ni saa 8. Shoo nne za saa mbilimbili. Zimeingia, ila zimeingia kwa kubana kama mguu kwenye kiatu cha mdogo wako. Hapo hujaweka bendi ya utangulizi, hujaweka hedifoni ndani ya basi, wala hujaweka kukitoa “kwa wimbo huu mmoja tu”. Wimbo mmoja tu wa dakika 6, masikio wazi, ni robo ya mgao wa wiki.

Hesabu hiyo ni ya kukadiria; sauti hupanda na kushuka, na kizibo kilichokaa vizuri hupunguza zaidi ya 13. Lakini inatosha kukuonyesha deni linatoka wapi.

Kukivaa kizibo

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama una desibeli 25 za kinga au 5.

Kizibo cha sponji huviringishwa, hakikunjwi. Kiviringishe katikati ya vidole, taratibu, hadi kiwe kama kijiti chembamba kisicho na mkunjo hata mmoja, maana mkunjo ukibaki huacha mfereji na sauti hupita humohumo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma. Njia ya sikio ina kona, na kulivuta kunainyoosha. Ingiza kijiti chako upesi kabla hakijafura, halafu kishikilie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 20 hadi 30. Hizo sekunde ndizo watu wanazoiba. Ukikiachia mapema, sponji hufurika kurudi nje badala ya kujaza ndani.

Namna ya kukagua ni rahisi. Jitazame kwenye kioo uso kwa uso: mwisho wa kizibo usionekane ukichungulia nje ya sikio. Kisha, muziki ukianza, funika masikio yote mawili kwa viganja. Sauti ikishuka sana, vizibo havijaziba. Ikibaki karibu ileile, umevaa.

Fanya haya taa zingali zinawaka, mikono mikavu na safi, kabla bendi ya utangulizi haijapanda. Mtu anayesubiri mpaka imuume huja kuviringisha sponji gizani, vidole vimelowa jasho, huku akisukumwa mgongoni. Tena ubongo unahitaji dakika kadhaa kuzoea sauti iliyopunguzwa. Ukivivaa mapema, bendi kuu ikianza hutaona tofauti. Ukivivaa katikati ya wimbo, muziki unaonekana umekufa ghafla, na wengi huvitoa wakidai “havifai”. Sikio la kufa, wahenga walishasema, halisikii dawa.

Taya nalo ni adui. Ukiimba kwa kinywa kipana, njia ya sikio hubadilika umbo na kizibo hutambaa nje kidogo kidogo. Kikague kila baada ya nyimbo tatu nne.

Sponji inakata sauti za juu kuliko za chini. Matoazi na maneno ya mwimbaji yanafifia huku besi ikibaki, na matokeo yake ni kama jirani anapiga redio nyuma ya ukuta. Kwa wiki ya shoo nne, vizibo vya chujio vina thamani yake, kwa sababu hupunguza karibu sawasawa kote na muziki unabaki muziki. Vile vinavyochongwa kwa umbo la sikio lako huja na vichujio vya kubadilisha, kwa kawaida vya desibeli 9, 15 na 25. Kile cha 9 kiache kwa viti vya mbali. Cha 15 ndicho cha kazi nyingi. Cha 25 ni cha klabu ndogo yenye dari fupi, ukiwa mita chache kutoka kwenye dramu. Usidharau klabu ndogo. Dramu peke yake, bila maikrofoni, inaweza kuvuka desibeli 100 karibu na jukwaa. Fundi sauti hawezi kuipunguza, kwa hiyo anapandisha sauti ya mwimbaji juu yake na ukumbi mzima unapanda.

Faida nyingine haisemwi sana: ukiziba masikio unajisikia mwenyewe unapoimba, sauti yako ikivuma ndani ya fuvu. Mtu asiyejisikia hupiga kelele zaidi bila kujua, na shoo ya pili anafika akiwa hana sauti. Sauti ikikauka, nyamaza na unywe maji. Wala usinong’one kwa nguvu, kwani mnong’ono wa kulazimisha nao unaichosha koo. Ukitaka kusema na mwenzio, usimpigie kelele sikioni. Sogea karibu kabisa na useme kwa sauti ya kawaida.

Mlio wa masikio baada ya shoo, au ile hali ya kusikia kama umejazwa pamba, kwa kawaida hupungua ndani ya saa 16 hadi 48. Kupungua kwake si hati ya kufutiwa deni. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba hata usikivu ukirudi kwenye vipimo, viungio vya neva kati ya chembe za sikio la ndani na ubongo vinaweza kuwa vimepotea moja kwa moja. Ndiyo maana kwenye ratiba ya wiki, usiku wenye mlio ukifuatwa na shoo nyingine kesho yake, hiyo ya kesho ihudhuriwe kutoka nyuma, na kizibo kizito kuliko cha jana.

Kupanga siku

Masikio na misuli vinataka ratiba mbili tofauti, na hapa ndipo pagumu.

Maumivu ya misuli baada ya kuruka na kutikisa kichwa hayaji siku hiyohiyo. Hukolea kati ya saa 24 na 72. Ukijimaliza Jumatatu, Jumanne unatembea kifua mbele, kisha Jumatano unashindwa kugeuza shingo kumtazama dereva. Shingo na miguu, basi, vingependa shoo mbili nzito zifuatane, Jumatatu na Jumanne, kabla bili haijafika. Masikio yanataka kinyume: siku moja tulivu, ikiwezekana mbili, kati ya kila kishindo.

Upande wangu ni wa masikio. Misuli hupona. Kama tiketi zimekulazimisha siku mbili mfululizo, ya kwanza simama, ya pili nunua kiti. Na siku ya mapumziko iwe ya mapumziko kweli: hedifoni zibaki begini, kwa sababu saa 10 za kusikiliza kwa desibeli 86 kwenye safari zinamaliza mgao wote kabla hujafika getini.

Kama ni bendi moja usiku kadhaa, angalia kwanza kama hubadilisha orodha ya nyimbo. Metallica, kwenye ziara yao iliyoanza 2023, walicheza usiku mbili katika miji mingi bila kurudia wimbo. Phish mwaka 2017 walicheza usiku 13 kwenye Madison Square Garden, New York, bila kurudia hata mmoja. Kwa bendi za aina hiyo kila usiku ni shoo mpya. Bendi inayorudia orodha ileile neno kwa neno, mpaka utani wa katikati ya nyimbo, haistahili usiku tatu za mbele. Moja iwe ya mbele, moja uipe nafasi ya kusikiliza.

Mahali pa kusimama

Sauti nzuri kuliko zote iko karibu na meza ya fundi sauti, kwa sababu masikio yake ndiyo yanayopima kila kitu, nayo yapo hapo. Simama mbele yake hatua chache, katikati. Mstari wa kwanza ni mahali pa kuona, si pa kusikia. Spika kubwa zilizoning’inizwa zinapita juu ya kichwa chako. Unachosikia ni dramu na vikuza sauti vya gitaa kutoka jukwaani moja kwa moja, pamoja na spika ndogo za ukingoni zilizowekwa kuwaokoa watu wa mbele. Mwimbaji anabaki nyuma ya vyombo. Na spika za besi, mara nyingi, ziko chini mbele yako, usawa wa goti.

Besi ina tabia ya ajabu. Spika zake zikiwekwa kushoto na kulia, mawimbi hukutana katikati na kujumlishana, lakini hatua chache pembeni hufutana. Ndiyo maana mtu mmoja anasema besi ilimtingisha mbavu na mwingine, mita tatu kutoka hapo, anasema haikuwepo. Ukiona besi imepotea, usilaumu bendi. Hama hatua tano.

Uwanjani, kwa umbali mkubwa, utaona mpiga dramu akishusha kijiti kabla ya kusikia kishindo. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzijoto 20, kwa hiyo mita 100 ni karibu theluthi ya sekunde. Spika za minara ya katikati ya uwanja hucheleweshwa kwa makusudi ili sauti zake zifike pamoja na ile ya jukwaani. Ukisimama ubavuni mwa mnara, unasikia mwangwi usio wa lazima.

Usihukumu sauti kwa wimbo wa kwanza. Ukumbi mtupu wa mchana, fundi alipofanya majaribio, haufanani na ukumbi uliojaa miili, kwa sababu miili hunyonya sauti. Nyimbo mbili za mwanzo anarekebisha. Wapiga picha pia mara nyingi huruhusiwa nyimbo tatu tu, bila flashi, kisha wanaondolewa mbele ya jukwaa, na watu wa mstari wa kwanza wanapata kuona. Anayehama wimbo wa kwanza anahama mapema mno.

Mbele, penye msongamano

Mita moja ya mraba ikiwa na watu wanne, unaweza kugeuka. Wakifika watano, tahadhari. Kuanzia sita na kuendelea watu huacha kutembea kama watu. Wanakwenda kama maji, na wimbi likianza nyuma huwezi kulikataa. Kipimo chako mwenyewe ni mikono: kama huwezi kuinua mikono na kugusa uso wako bila kumkwaruza mtu, umeshachelewa kuanza kutoka.

Watu kwenye msongamano hufa kwa kukosa pumzi wakiwa wamesimama, kifua kikibanwa kisipate nafasi ya kutanuka, zaidi ya kukanyagwa. Tarehe 3 Desemba 1979, mjini Cincinnati, Marekani, watu 11 walikufa mlangoni wakisubiri kuingia kwenye shoo ya bendi ya The Who. Tarehe 30 Juni 2000, kwenye tamasha la Roskilde nchini Denmark, 9 walikufa karibu na jukwaa bendi ya Pearl Jam ikicheza. Tukio la kwanza lilikuwa mlangoni, la pili uwanjani. Yote mawili ni msukumo uleule.

Ukibanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia, viganja nje, ili mbavu zipate nafasi. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Usishindane na wimbi likija. Liache likubebe, kisha linapolegea, kabla ya lingine, songa kwa mshazari kuelekea pembeni. Kamwe usiiname kuokota simu. Ukiwa mbele kabisa na umechoka, inua mikono uwaonyeshe mabaunsa. Kazi yao ni kukuvuta juu ya uzio, na wanaona mkono ulioinuliwa kuliko kelele isiyosikika. Mstari wa mbele hutoki kwa kurudi nyuma, unatoka kwa kwenda mbele.

Na milango. Moto wa klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, tarehe 20 Februari 2003, uliua watu 100 baada ya fataki za jukwaani kuwasha sponji ya kuzuia sauti ukutani. Wengi walikimbilia mlango waliouingilia, ukaziba. Usiku wa tatu wa wiki mtu amechoka na hatazami tena, tazama hivyohivyo. Ukiingia tu, tafuta mlango ambao si ule ulioingilia.

Mduara wa vikumbo

Kwenye bendi nzito, katikati hufunguka mduara ambamo watu wanapigana vikumbo kwa hiari yao. Ukitazama kwa mbali ni fujo. Mwaka 2013 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliochambua video za mduara huo waligundua kuwa watu wake husambaa kwa mwendo unaofanana na molekuli za gesi, na wanapozunguka, mara nyingi huzunguka kinyume cha saa. Ndani yake, hata hivyo, kuna adabu kali kuliko foleni nyingi. Aliyeanguka anainuliwa papo hapo na wa karibu, na aliyeinua ananyoosha mkono wa pili kuwazuia wengine. Viwiko vinabaki chini. Kiatu au miwani iliyookotwa inainuliwa juu hewani mpaka mwenyewe aione. Anayesimama ukingoni mikono kifuani ni ukuta, si mchezaji, hasukumwi ndani.

Mtu anayebebwa juu ya vichwa anapokujia, inua mikono miwili, shika mgongo au paja, mpeleke mbele. Ukimkwepa, ataangukia aliye nyuma yako.

Kutikisa kichwa kuna namba zake. Declan Patton na Andrew McIntosh, kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2008, walikadiria kwamba wimbo wa wastani wa kutikisia kichwa una mapigo 146 kwa dakika, na kwa mwendo huo, kichwa kikizunguka zaidi ya nyuzi 75, jeraha dogo la kichwa linawezekana. Nyimbo za kasi zaidi zinaiweka shingo nayo hatarini. Ushauri wao ni wa vitendo: punguza upana wa mwendo, au tikisa kwa pigo moja ukiruka moja. Kwa shoo nne, mimi ningeongeza kwamba mwendo utoke kiunoni na magotini, kichwa kifuate tu. Shingo peke yake haivumilii wiki. Kichwa kikiendelea kuuma siku zinazofuata na maumivu yakizidi badala ya kupungua, ni suala la daktari, si la panadoli. Kuna kisa kilichochapishwa kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2014, kutoka Hannover, Ujerumani, cha mtu aliyekutwa na damu imevujia chini ya fuvu wiki kadhaa baada ya shoo ya Motörhead.

Miguu, maji, simu

Viatu viwe vya kufunika, vilivyokwisha kuzoea mguu wako, na jozi mbili zipokezane. Kiatu kilicholowa jasho usiku mmoja mara nyingi hakijakauka ndani kesho yake, na ngozi iliyolowa ikisuguliwa hutoa malengelenge. Gazeti lililokunjwa ndani usiku husaidia kunyonya unyevu. Bandika plasta kisiginoni kabla ya kuumia. Baada ya lengelenge kutokea, plasta inatuliza tu.

Kula saa mbili tatu kabla. Kunywa karibu nusu lita ya maji kabla ya kuingia, kisha kidogo kidogo. Wengi wanaozimia mbele wamesimama magoti yamekazwa muda mrefu, kwenye joto, na damu imejikusanya miguuni. Legeza magoti, nyanyua visigino mara kwa mara. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo pampu.

Tiketi ipakue kwenye simu ukiwa bado una mtandao mzuri, kwa sababu getini watu maelfu wanagombea mnara mmoja. Tiketi nyingi siku hizi zina msimbo unaojibadilisha kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha ya skrini haikubaliki. Kumbi nyingi hazikubali begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4. Soma masharti ya kila ukumbi, maana ndani ya wiki moja utakutana na masharti manne tofauti. Mwanga wa simu uteremshe, chaji itadumu. Kamera usiielekeze kwenye miale ya leza ikikujia usoni. Inaweza kuunguza kihisi cha simu, na hiyo ni video ghali.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi mara nyingi ni ya milango kufunguliwa, si ya bendi kupanda. Bendi ya utangulizi hupata kama dakika 30 hadi 45, kubadilisha vyombo dakika 20 hadi 30, bendi kuu dakika 90 hadi 120. Ratiba kamili kwa kawaida hutangazwa siku hiyohiyo. Fulana ukiinunua mapema utaishika usiku mzima. Ukiisubiri mwisho, saizi yako imekwisha. Nunua mapema, ifunge kiunoni.

Usingizi ndio unaoporwa kwanza. Baada ya shoo mwili bado umewaka kwa saa moja au zaidi, na kahawa uliyokunywa jioni, nusu yake bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kahawa iishie mchana. Kulala kidogo alasiri, dakika 20, kunafaa. Saa mbili kunakuvurugia usiku.

Siku ya nane

Asubuhi baada ya shoo ya mwisho, kaa chumbani pasipo na feni wala redio na usikilize. Mlio mdogo unaopungua siku nzima ni wa kutarajiwa. Mlio usiopungua baada ya siku mbili ni wa kwenda kupimwa. Ila sikio moja likiwa limeziba ghafla, usisubiri hizo siku mbili. Dawa za kuokoa usikivu wa aina hiyo hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya siku chache.

Kisha vizibo. Vya chujio toa kichujio kwanza, osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, uache ukauke usiku kucha kabla ya kukirudisha. Maji yakinaswa ndani ya kichujio, kinaziba na sikio moja linaanza kusikia chini kuliko lingine. Vya sponji havifuliwi. Vikishafuliwa havifuri tena kama mwanzo, kwa hiyo vitupe, na weka jozi mpya nne kwenye mfuko wa jaketi kwa wiki ijayo: mbili zako, mbili za yule atakayesimama kando yako masikio wazi.